Kufundisha harakati za haki za kiraia za Marekani: anza na basi moja

Kila muhula walimu wenzangu hunirudia na maswali yaleyale. Nianzie wapi, utumwani au kwa Martin Luther King? Nitenge vipindi vingapi? Niwaonyeshe watoto zile picha za kutisha? Niwagawe makundi mawili waigize ubaguzi, wauonje wenyewe? Majibu ya haraka: anzia kwenye basi, sita, chache na kwa kipimo, na hilo la mwisho, usithubutu. Majibu yenye nyama yako hapa chini.

Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili yako unayefundisha watoto wa miaka 11 hadi 14: darasa la sita na la saba, kidato cha kwanza na cha pili, au sekondari msingi kwa walimu wa Kenya. Huhitaji kuwa bingwa wa historia ya Marekani. Unahitaji kukubali jambo moja ambalo walimu wengi hulikataa mwanzoni: hutafundisha harakati zote. Utakaa katika mji mmoja, Montgomery, jimbo la Alabama, ambako watu weusi walisusia mabasi yaliyowatenga kwa rangi kuanzia Desemba 1955 hadi Desemba 1956, na hutatoka hapo mpaka watoto waweze kukueleza nani alifanya kazi gani na kwa shida ipi. Ukijaribu kubeba miaka yote kwa vipindi sita, watabaki na majina mawili na hotuba moja, na watadhani ubaguzi uliondolewa na mtu mmoja mwenye sauti nzuri.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Vipindi sita vya dakika 40. Ukiweza kupata viwili vinavyofuatana kwa ajili ya hatua ya 5, omba mapema kwa mwalimu wa taaluma.
- Ramani ya Marekani, hata ya kuchora kwa mkono kwenye manila. Weka alama kwenye Montgomery, Little Rock, Greensboro, Birmingham, Selma, Washington na Memphis.
- Nyaraka mbili zilizochapwa: taarifa ya polisi ya kukamatwa kwa Rosa Parks, mwanamke mweusi aliyekataa kuinuka kwenye kiti cha basi, na mchoro wa basi unaoonyesha alipokuwa ameketi. Zote zimo bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Marekani. Nakala moja kwa kila wanafunzi watano inatosha.
- Picha tatu au nne za kawaida: bomba la maji lenye kibao cha kutenganisha watu, watu wakitembea kwa miguu kwenda kazini, Rosa Parks, Jo Ann Robinson.
- Kadi za karatasi ngumu, maka peni na bahasha moja kwa kila kundi.
- Daftari lako la maneno. Tafsiri mapema maneno kama kususia, dhamana, bima, zuio la mahakama, raia na haki za kiraia. Usiyatafute huku watoto wanakutazama.

Kama shule yako hufundishia kwa Kiingereza, hatua ni zilezile. Ila waruhusu wajadili kwa Kiswahili, kisha waandike kwa Kiingereza. Mtoto anayetafuta kitenzi hawezi kufikiri habari za haki.

Hatua ya 1. Jinoe kwanza, na ubandike tarehe chache

Andika tarehe hizi kwenye manila moja, uibandike ukutani, uiache hapo mpaka mwisho. Si za kukariri. Ni za kumsaidia mtoto ajue tuko wapi.

- 1896: Mahakama ya Juu ya Marekani yakubali watu watengwe kwa rangi mradi huduma ziwe "sawa"
- 1954: mahakama hiyohiyo yasema shule za kutenga watoto kwa rangi ni kinyume cha katiba
- 1955–1956: mgomo wa kususia mabasi, Montgomery
- 1957: wanafunzi tisa weusi waingia shule ya sekondari ya Little Rock wakilindwa na askari wa jeshi
- 1960: wanafunzi wanne wa chuo wakaa kwenye kaunta ya chakula ya weupe, Greensboro
- 1963: watoto wa Birmingham; maandamano makubwa Washington
- 1964: Sheria ya Haki za Kiraia
- 1965: maandamano ya Selma ya kudai kura; Sheria ya Haki ya Kupiga Kura
- 1968: King auawa Memphis, alikokwenda kuunga mkono mgomo wa wazoa taka

Tarehe tisa zatosha. Ukiongeza ya kumi, ondoa moja.

Hatua ya 2. Wekeni masharti ya darasa (dakika 10 tu)

Waambie watoto kwamba kwenye nyaraka watakutana na maneno ya enzi zile, kama colored na Negro. Yalikuwa yakitumika hadharani. Sisi tutasema watu weusi au Wamarekani weusi. Yapo pia matusi. Hayo hayasomwi kwa sauti na yeyote, mwalimu akiwemo. Ukiyakuta unasema "tusi" na kuendelea. Sharti la tatu: hakuna mtoto atakayeulizwa "ungejisikiaje?" mbele ya wenzake kwa sababu ya rangi yake, kabila lake au hali ya ngozi yake. Kama una mwanafunzi mwenye ualbino, zungumza naye kando kabla ya somo. Atasikia neno "ngozi" mara hamsini kwa wiki mbili, na wenzake watamgeukia.

Hatua ya 3. Chora basi ubaoni (kipindi cha kwanza)

Anza na swali wanalolijua: "Nani ameshawahi kuinuliwa kwenye kiti cha daladala kwa sababu ni mwanafunzi?" Mikono yote itapanda. Waache wasimulie dakika tano, wamalize hasira zao na makonda.

Kisha chora basi la Montgomery: viti 36. Piga rangi viti 10 vya mbele. Hivyo ni vya weupe hata kama vitupu. Nyuma ni kwa weusi. Katikati mweusi aweza kukaa mpaka mweupe akose kiti, na hapo safu nzima ya weusi husimama, kwa sababu mweusi na mweupe hawakutakiwa kukaa safu moja. Montgomery hapakuwa na konda. Dereva ndiye aliyepokea nauli, na sheria ya mji ilimpa mamlaka kama ya polisi ndani ya basi lake. Abiria mweusi alilipa mbele, na mara nyingi aliamriwa ashuke akapandie mlango wa nyuma. Kuna waliolipa, wakashuka, na basi likaondoka kabla hawajaufikia huo mlango.

Hapo sasa ulizeni: daladala yetu na basi lile vinatofautianaje? Usiwaache waseme ni kitu kimoja. Mwanafunzi wa leo husumbuliwa na tamaa ya konda, na akivua sare anakaa. Yule wa Montgomery alizuiwa na sheria iliyoandikwa, na ngozi haivuliwi. Daladala ni mlango wa kuingilia tu; ukishaingia, ufunge.

*Onyo.* Usipange viti vya darasa na kuwainua watoto kwa rangi, kwa jinsia wala kwa riboni. Mwaka wangu wa pili kazini niligawa riboni nyekundu na za njano, wenye njano wakae sakafuni kipindi kizima. Nilidhani nimebuni jambo la maana. Kufika dakika ya ishirini wenye nyekundu walikuwa wanafurahia kuamrisha kupita kiasi, na binti mmoja wa njano alilia kwa jambo lisilohusiana kabisa na Marekani: nyumbani kwao ndiye aliyekuwa akilala sakafuni. Kuhusu sheria za Alabama hawakujifunza hata moja. Mchoro ubaoni unaeleza zaidi na haumuumizi mtu.

Hatua ya 4. Wape taarifa ya polisi (kipindi cha pili na cha tatu)

Simulia kwa ufupi. Alhamisi, Desemba 1, 1955, jioni. Rosa Parks, miaka 42, fundi cherehani katika duka kubwa la nguo, anarudi nyumbani. Yuko safu ya kwanza nyuma ya viti vya weupe, pamoja na weusi wengine watatu. Mzungu mmoja amekosa kiti. Dereva, James Blake, anawaamuru wote wanne wasimame. Watatu wanainuka. Yeye anabaki. Dereva huyo walikuwa wanajuana: mwaka 1943 alimshusha kwa sababu alipandia mlango wa mbele.

Wape sasa makundi ile taarifa ya polisi na ule mchoro. Taarifa inasema dereva aliripoti kwamba mwanamke mweusi ameketi "sehemu ya weupe" na anakataa kurudi nyuma. Waulize: kwenye mchoro, je, alikaa viti kumi vya mbele? Hapana. Basi kwa nini polisi wameandika hivyo? Kaa kimya. Hii ndiyo dakika bora ya vipindi vyote sita, usiiharibu kwa kujibu wewe. Darasani kwangu majibu huwa mawili: kuna wanaosema polisi walidanganya, na kuna wanaosema sehemu ya weupe ilikuwa popote mweupe alipotaka kukaa. Wale wa pili wamekwisha kuelewa sheria ilivyofanya kazi kuliko ambavyo ungewaeleza kwa saa nzima.

Sasa rudi nyuma mwaka mmoja na nusu, maana hapa ndipo hadithi ya kawaida hukatwa:

- Mei 1954, Jo Ann Robinson, mhadhiri wa chuo cha watu weusi na kiongozi wa Baraza la Kisiasa la Wanawake mjini hapo, anamwandikia meya barua: mabasi yasipobadilika, watu wataacha kuyapanda.
- Machi 2, 1955, Claudette Colvin, mwanafunzi wa miaka 15, anakataa kusimama. Anakamatwa.
- Oktoba 1955, Mary Louise Smith, miaka 18, naye anakamatwa.
- Rosa Parks mwenyewe hakuwa mgeni wa mambo haya. Tangu 1943 alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, na kiangazi cha 1955 alihudhuria mafunzo ya harakati huko Tennessee.

Waandike sentensi moja kila mtoto: "Rosa Parks hakuwa wa kwanza, ila…" Wanavyoimalizia ndivyo utakavyojua kama wamekufuata.

*Onyo.* Ondoa kabisa yule "bibi kizee aliyechoka miguu". Miaka 42 si bibi kizee, na yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba mwili wake haukuwa umechoka kuliko siku nyingine yoyote ya kazi. Hadithi ya miguu inamfanya mtu aliyejipanga miaka kumi na miwili aonekane amepitiwa na usingizi wa mchana.

Swali la Claudette litaibuka, jiandae: kwa nini viongozi hawakumtumia yeye? Kwa sababu waliona ni mdogo, anatoka familia ya kawaida, mkali wa maneno. Kisha, baada ya kukamatwa, akapata mimba. Usilikwepe. Watoto wetu wanajua shule zilivyowatendea wasichana wajawazito. Tanzania ilitangaza kuwarudisha darasani Novemba 2021 tu. Uliza kama viongozi wale walikosea, na ukubali darasa ligawanyike. Halafu waambie wamtunze Claudette kichwani, atarudi.

Hatua ya 5. Kamati ya usafiri (vipindi viwili, ikiwezekana vya pamoja)

Hiki ndicho kiini. Hapa watoto wanaacha kusikiliza na kuanza kufanya kazi.

Wape hali halisi. Usiku wa kukamatwa kwa Rosa Parks, Jo Ann Robinson anakwenda chuoni na wanafunzi wawili kudurufu makumi ya maelfu ya vipeperushi, usiku kucha. (Mwalimu yeyote aliyewahi kudurufu mtihani wa mkoa kwa mashine ya wino ataona kazi hiyo.) Vipeperushi vinaomba jambo dogo: Jumatatu, Desemba 5, usipande basi. Siku moja. Inafanikiwa. Asubuhi hiyohiyo Rosa Parks anatozwa faini ya dola 10 na gharama za mahakama dola 4. Jioni maelfu wanajaa kanisa la Baptist la Holt Street na nje yake, na wanaamua kuendelea. Chama kipya kinaundwa, na mchungaji wa miaka 26, Martin Luther King, anachaguliwa mwenyekiti. Ni mgeni mjini, hajapata marafiki wala maadui.

Sasa kila kundi ni kamati. Kazi yao: watu weusi wapatao 40,000 wanaopanda mabasi watafikaje kazini kesho asubuhi? Wengi ni watumishi wa ndani, wafua nguo na vibarua; nauli ya basi ni senti 10. Dakika 15, mpango uandikwe.

Wakishamaliza, soma kadi za vikwazo moja baada ya nyingine. Baada ya kila kadi, dakika nne za kurekebisha mpango. Zote ni za kweli:

*Kadi ya 1.* Madereva weusi wa teksi wamekubali kutoza senti 10. Mji unawakumbusha sheria: teksi haiwezi kutoza chini ya senti 45.

*Kadi ya 2.* Mnatumia magari binafsi. Polisi wanasimamisha madereva kila kona na kuwaandikia makosa madogomadogo.

*Kadi ya 3.* Januari 30, 1956: bomu linalipuka barazani kwa King. Mkewe Coretta na mtoto wao mchanga wako ndani, hawajaumia. Nje umati una hasira, wengine wana silaha. Mtawaambia nini?

*Kadi ya 4.* Februari 1956: watu wapatao 89 wanashtakiwa kwa kuendesha mgomo wa kususia, kosa kwa sheria ya jimbo.

*Kadi ya 5.* Kampuni za bima zinafuta bima za magari yenu. Gari lisilo na bima haliruhusiwi barabarani.

Kisha tu, wala si kabla, waonyeshe walivyofanya wenyewe. Waliomba ushauri kwa watu wa Baton Rouge, Louisiana, waliowahi kususia mabasi mwaka 1953. Wakaunda utaratibu wa lifti wa magari karibu 300, wenye vituo vya kupakia na vya kushusha na mtu wa kuyaelekeza. Makanisa yakanunua magari na kuandika majina yao ubavuni, watu wakayaita makanisa yanayotembea. Bima ikatafutwa mpaka London, kwa Lloyd's. Georgia Gilmore, mpishi, akakusanya wanawake waliopika na kuuza kuku, keki na vitumbua vyao vya kule ili kuchangia mafuta ya magari. Kikundi hicho walikiita Klabu ya Kutoka Kusikojulikana, ili anayeulizwa hela imetoka wapi ajibu ukweli bila kumtaja mtu. Watoto hucheka sana hapa, na wanalikumbuka mwaka mzima.

Na wengi walitembea tu. Kwa miguu, kwa mwaka.

Ukiwa na nafasi, mwazime mwalimu wa hisabati. Kampuni ya mabasi ilikosa nauli 30,000 hadi 40,000 kwa siku. Zidishe kwa senti 10, kisha kwa wiki, kisha uwaulize kampuni ilimlilia nani. Waache pia wahesabu siku za mgomo. Vitabu husema 381. Mwanafunzi wangu mmoja alipata 382, tukabishana, tukagundua yeye amehesabu siku ya kwanza na ya mwisho pia, na 1956 Februari ilikuwa na siku 29. Nilimpa alama zote.

Hatua ya 6. Mwende mahakamani, kisha mtoke Montgomery (kipindi cha sita)

Dakika 15 za kwanza: mgomo uliishaje? Watoto watasema kampuni ilishindwa. Si hivyo tu. Waonyeshe kwamba madai ya mwanzo yalikuwa madogo mno: lugha ya heshima kutoka kwa madereva, weusi wakae kuanzia nyuma na weupe kuanzia mbele bila kuinuana, na madereva weusi wa kuajiriwa katika njia za weusi. Hata kukomesha utengano hawakuomba. Mji ukakataa hata hayo. Ndipo Februari 1, 1956 kesi ikafunguliwa katika mahakama ya shirikisho kwa majina ya wanawake, Rosa Parks hayumo: Aurelia Browder, Susie McDonald, Mary Louise Smith na Claudette Colvin. Nilikuambia atarudi. Juni mahakama ikasema utengano kwenye mabasi ni kinyume cha katiba. Novemba 13 Mahakama ya Juu ikathibitisha, siku ileile mahakama ya jimbo ilipokuwa ikitoa zuio dhidi ya utaratibu wa lifti. Desemba 21 watu wakapanda mabasi, wakakaa walipotaka.

Usiishie kwenye vigelegele. Wiki zilizofuata mabasi yalipigwa risasi. Nyumba ya Robert Graetz, mchungaji mzungu wa kanisa la weusi aliyekuwa akiendesha gari la lifti, ilikuwa imeshalipuliwa mara moja, ikalipuliwa tena. Rosa Parks alikosa kazi, na mwaka 1957 akahamia Detroit.

Muda uliobaki ni wa Birmingham, Mei 1963, kwa sababu moja: waliokwenda barabarani walikuwa wa umri wao. Zaidi ya watoto elfu moja waliacha madarasa na kuandamana. Polisi wakawajibu kwa mbwa na mabomba ya maji ya zimamoto. Mdahalo: je, watu wazima walikuwa na haki kuwaruhusu? King alikubali kwa kusitasita; Malcolm X, kiongozi mweusi aliyepinga njia ya King, aliwalaumu. Kwa miaka kumi sijapata darasa lililokubaliana, na silitaki.

Kwa 1964 na 1965 sema sentensi mbili tatu huku ukinyooshea manila ukutani. Inatosha.

Hatua ya 7. Unganisha na kwetu, kwa kijiko si kwa sepetu

Fanya hivi mwishoni, kama kazi ya nyumbani. Ukianza nako, somo litageuka kuwa la uhuru wa Afrika. Viungo vya kweli vipo: Thurgood Marshall, wakili aliyeshinda kesi ya shule ya 1954, alisaidia kuandaa vifungu vya haki katika mazungumzo ya katiba ya Kenya, London, mwaka 1960. Tom Mboya alihutubia maandamano ya vijana waliodai shule zisizotenga rangi, Washington, Aprili 1959. John Lewis, mmoja wa viongozi vijana wa harakati, alikutana na Malcolm X Nairobi mwaka 1964. Na Bob Moses, aliyeongoza uandikishaji wa wapiga kura Mississippi, alifundisha hesabu Same, mkoani Kilimanjaro, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi katikati ya miaka ya 1970. Ukiwa Kilimanjaro, watume watoto wakaulize wazee.

Kupima

Swali moja: "Chagua mtu wa Montgomery asiyeitwa Rosa wala Martin. Eleza kazi aliyoifanya na ingekuwaje kama asingeifanya." Nusu ukurasa. Toa alama kwa kazi iliyoelezwa, usitoe kwa sifa. "Alikuwa jasiri" haina alama. "Alidurufu vipeperushi usiku ili viwafikie watu kabla ya Jumatatu" ina zote.

Ukikwama

*"Mwalimu, kwa nini hawakupigana?"* Usijibu kwamba walikuwa wapole. Wengi walikuwa na bunduki majumbani, na King mwenyewe aliomba kibali cha silaha baada ya nyumba yake kulipuliwa, akanyimwa. Kutopigana ilikuwa mbinu: polisi, mahakama na magereza vilikuwa mikononi mwa upande mmoja. Rudi kwenye kadi ya 3, uliza kundi lingefanya nini siku ya pili baada ya kulipiza.

*"Kwa nini hawakurudi Afrika?"* Kwetu swali hili halikosekani. Jibu kwa hesabu: Waafrika wa kwanza walifikishwa Virginia mwaka 1619. Kutoka hapo mpaka 1955 ni miaka mingapi? Baba wa babu wa Rosa angerudi wapi? Katiba iliwatambua kuwa raia tangu 1868. Walichodai ni kilichokwisha kuandikwa.

*"Jim Crow ni nani?"* Si mtunga sheria. Ni jina la kichekesho cha jukwaani cha karne ya 19, mzungu aliyejipaka masizi akiwadhihaki weusi. Likaja kuwa jina la sheria zote za kutenga.

*Wanaanza kusema "wazungu wote wabaya".* Mtaje Graetz. Wataje pia Clifford na Virginia Durr, weupe walioandamana na kiongozi wa weusi E. D. Nixon kwenda kumtoa Rosa kwa dhamana.

*Picha ya Emmett Till.* Mvulana wa miaka 14 aliyeuawa Mississippi Agosti 1955. Kwa umri huu simulia, taja jina, onyesha picha yake akiwa hai. Ile ya jeneza iache.

*Wanafunzi ni 80.* Kamati kumi za watu wanane, kila mmoja na cheo: katibu, mweka hazina, wa magari, wa vyakula, msemaji. Kadi unazisoma kwa sauti wewe, nyaraka unazibandika kwenye kuta nne wazizungukie.

*Mkuu wa shule anasema halimo kwenye mtihani.* Andika andalio la somo chini ya haki za binadamu katika uraia, na stadi ya kusoma chanzo cha msingi katika historia. Vyote vimo kwenye muhtasari.

*Unafundisha darasa la Jumamosi la watoto wetu walioko Minnesota au Texas.* Wameshaimba majina ya King na Parks tangu chekechea. Anza moja kwa moja na Claudette, kisha hatua ya 5.

*Kengele imelia na kadi bado mbili.* Usizisome mbiombio. Kila kundi litie mpango wake kwenye bahasha na kuandika jina juu. Kipindi kijacho wafungue, wausome kimya dakika tatu, kisha toa kadi ya 4.